Keziah, Mbandika Maua wa Hanley

Keziah Tunnicliffe aliijua sauti ya ngumi kabla hajajua kuhesabu. Baba yake, mchimba makaa ya mawe, aliuawa kwa teke la kifua nje ya kilabu cha pombe pale Hanley, mji wa wafinyanzi, na aliyempiga alikuwa rafiki yake. Walikuwa wakibishania jogoo. Mama yake alibaki na watoto wawili, Keziah na Amos aliyemfuatia, akawalea kwa mkanda wa farasi. Hakuwa mwanamke katili. Hivyo ndivyo watu walivyolea mtaani kwao, na watoto waliokua bila alama walisemwa kuwa wamedekezwa.

Alipotimiza miaka ishirini na minne alikuwa ameolewa na Jabez Colclough, mkandaji udongo, na wote wawili walikuwa katika karakana ya Bwana Cartlich, Keziah akiwa mbandika maua. Jabez alimpiga Jumamosi, akishalewa. Siku nyingine alikuwa mtu wa mzaha na mchapakazi, na Keziah alijiambia kwamba siku sita kati ya saba si haba.

Karakana ya Cartlich ilitengeneza mabuli mekundu. Yalikuwa madogo, mtu aliweza kuficha moja viganjani, maana majani ya chai yalikuwa ghali na hakuna aliyeyatia kwa pupa. Yalitoka tanurini na wekundu wa ini la ng'ombe, magumu kama jiwe, bila kupakwa chochote juu yake. Mdomo na mshikio vilifinyangwa vifanane na tawi la mtofaa mwitu, pamoja na mafundo yake. Uzuri uliobaki ulikuwa kazi ya Keziah. Alichukua kidonge cha udongo mbichi, akakibandika tumboni mwa buli, akakigandamiza kwa muhuri wa shaba. Likatokea ua la petali tano. Kisha aliviringisha udongo viganjani hadi ukawa uzi, akaupitisha kutoka ua moja hadi jingine, ukawa tawi. Chini ya buli palipigwa chapa ya mraba yenye mikwaruzo iliyojifanya maandishi ya Kichina, ili mabibi wa London wadhani buli limevuka bahari.

"Hapa pameandikwaje?" Keziah alimuuliza Amos siku moja. Amos alikuwa mkereza wa karakana hiyo hiyo; yeye ndiye aliyeyanyoa mabuli kwenye kerezo mpaka yakawa membamba kama ganda la yai.

Amos alikodoa macho kama kasisi aliyepotewa na mstari. "Pameandikwa, 'Bibi unayenisoma, umeibiwa.'"

Wanawake wa mezani walicheka mpaka nyapara akageuka.

Nyapara alikuwa Obadiah Hassall. Ndiye pia aliyechonga mihuri yote ya shaba, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani kuanzia Hanley hadi Newcastle. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi, lakini mabega yalikuwa ya fahali. Alitembea na fimbo ya mti wa mlozi, na hakuitumia kuashiria tu. Mwezi wa Machi muhuri wa ua ulimponyoka Keziah, ukagonga ukingo wa jiwe, petali moja kati ya tano ikapondeka. Hassall alimzaba kofi la sikio lililomwangusha chini ya meza, akauokota muhuri na kuutia mfukoni.

"Huu nitauyeyusha," alisema. "Nitakuchongea mwingine. Huo nao ukiuangusha, nitakuyeyusha wewe."

Sikio la Keziah lilivuma siku tatu. Muhuri mpya ulikuja, mzuri kuliko ule wa kwanza, na kazi ikaendelea.

Mwezi wa Juni ikapatikana habari kwamba karakana moja ya Burslem, mwendo wa saa moja kwa miguu, imeanza kutoa mabuli mekundu yenye maua yale yale ya Cartlich. Si ya kufanana, yale yale. Bwana Cartlich alipanda juu ya kizingiti cha tanuri akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Alisema kuna mwizi wa mihuri kati yao, na kwamba wafanyabiashara wa London wakihamia Burslem, yeye atafunga milango na kila mmoja wao atakula majani ya barabarani na punda. Kisha akaingia ndani akajifungia.

Hassall hakupiga kelele. Alingoja saa ya kifungua kinywa, watu wamekaa uani na mikate yao myembamba ya shayiri, akauliza kana kwamba anauliza habari za mvua:

"Nani hapa huenda Burslem kila Jumapili?"

Watu wote walimtazama Amos. Kila mmoja alijua kwamba Amos humfuata mjane mmoja huko, jina lake Tamar, muuza jibini.

"Naenda kwa mwanamke," Amos alisema huku bado anacheka. "Mnamjua. Wewe mwenyewe, Obadiah, ulinunua jibini kwake."

"Na buli gani ulimpelekea?"

"Buli gani tena? Mimi nakereza. Mihuri inakaa kwako."

"Ana ulimi huyu," Hassall aliwaambia watu. "Watoto wenu watalala njaa, yeye anafanya masihara."

Mkate ulirushwa kwanza. Halafu jiwe. Keziah alisimama, na wanawake wawili waliokuwa kando yake wakamkamata mikono, si kwa ubaya; walijua mwanamke akiingia katikati ya wanaume waliokasirika hutoka vipi. Wanaume tisa au kumi walimwinamia Amos. Alianguka, akainuka, akampiga mmoja akamvunja pua, akaangushwa tena, na safari hii hakuinuka. Walivaa viatu vya misumari, vile vya kusimamia kwenye udongo unaoteleza.

"Shemeji!" Amos aliita. Alikuwa amemwona Jabez. "Shemeji, waambie! Waambie wewe!"

Jabez alikuwa amesimama pembeni na mkate mkononi. Hassall alimtazama, na wenzake wakamtazama. Akauweka mkate juu ya ukuta, taratibu, akaingia naye katikati.

Walipochoka walimburuta Amos hadi kwenye shimo la uji wa udongo, pale udongo mwekundu ulipochanganywa na maji kabla ya kuchujwa, wakamtumbukiza. Aliibuka, wakamsukuma kwa mti wa kukorogea. Aliibuka tena. Mara ya tatu Keziah aliuma mkono uliomshika hadi akahisi ladha ya damu, akachomoka, akaruka shimoni hadi kifuani, akamshika mdogo wake kwapani. Hakuna aliyesukuma mti tena. Hakuna pia aliyempa mkono wa kutoka. Alimvuta peke yake, wakatambaa nje wote wawili wekundu toka utosini, na hapo ndipo alipoona kwamba jicho la kushoto la Amos si jicho tena.

Tamar alikuja kutoka Burslem na kitambaa safi na chupa ya mvinyo mkali. Alilisafisha lile shimo la jicho huku Keziah amemkalia Amos magoti yasirukeruke. Tamar hakulia. Alipomaliza alinawa mikono, akasema, "Mimi siwezi kuwa na mume ambaye watu wa kwao wanaweza kumfanya hivi na kurudi kazini," akaenda zake. Keziah alimchukia kwa wiki nzima, halafu akaona kwamba mwanamke yule hakusema uongo.

Maana ni kweli, walirudi kazini. Keziah naye alirudi, kwa sababu Amos hakuweza kazi tena, na tumbo lake nalo lilitaka kulishwa. Alibandika maua akiwa amewapa mgongo wale waliompiga mdogo wake, na nyumbani alimwandalia chakula mmoja wao.

"Ningefanyaje?" Jabez alisema, siku ya pili. "Ningesimama pembeni wangenitia shimoni na mimi."

"Ungetiwa, basi."

Haikuwa Jumamosi, lakini alimpiga.

Sikukuu ya mji iliangukia Agosti. Watu wa Hanley walimfunga fahali kwenye nguzo, wakamfungulia mbwa, na kiwanja kizima kikanuka damu na pombe. Keziah hakwenda kumtazama fahali. Alipita kwenye vibanda akitafuta uzi, na kwenye kibanda cha mchuuzi mmoja akaona safu ya mabuli mekundu.

"Ya Burslem hayo, mama," mchuuzi alisema. "Bei nusu ya Cartlich, na ua ni lile lile. Angalia mwenyewe."

Keziah aliangalia. Alilipitisha buli karibu na pua, akalizungusha. Akachukua la pili, na la tatu. Ua lilikuwa na petali nne zilizosimama, na ya tano ilikuwa imebonyea kama kidole kilichobanwa na mlango. Kila ua, kwenye kila buli.

Sikio likaanza kuvuma upya, kana kwamba kofi la Machi limepigwa dakika hiyo. Muhuri ule ulikuwa umeingia mfuko mmoja tu.

"Nipe hili," alisema, akatoa karibu pesa zote alizokuwa nazo.

Asubuhi ya kazi alikwenda kwa Amos akamtoa kitandani. "Vaa," alimwambia. "Unakwenda na mimi."

"Siendi pale."

"Huendi kufanya kazi. Unakwenda kusimama tu, wakuone."

Amos alivaa. Walitembea pamoja, Keziah akimshika mkono upande usioona, hadi uani kwa Cartlich, saa ile ile ya mkate wa shayiri. Mazungumzo yalikatika. Wengine walitazama miguu yao. Keziah hakuwapa muda. Alilinyanyua buli juu ya kichwa.

"Hili ni la Burslem! Nyote mnajua mimi niliangusha muhuri Machi, mliniona nikipigwa. Petali moja ilipondeka. Njooni mhesabu hapa. Njooni!"

Mzee mmoja wa tanuri alikuja kweli, akalishika buli, akakaza macho. "Nne na nusu," alisema.

"Muhuri huo ulichukuliwa na nani? Nani alisema atauyeyusha?"

Shingo ziligeuka moja baada ya nyingine, zikamwelekea Hassall.

Hassall alikuja kwa hatua za kawaida, kama mtu anayekwenda kumnyamazisha mbwa. "Lete nione," alisema. Alipolifikia hakulitazama. Alilipiga kwa fimbo mikononi mwa mzee, likapasuka juu ya mawe ya uani.

"Hamna buli," alisema. "Kuna mwanamke anayemtetea mwizi wa kwao."

Keziah alijitupa chini. Kipande chenye ua kilikuwa kimeruka karibu na kiatu chake Hassall, alikifikia, akakifumbata. Hassall alikanyaga mkono ule. Hakukanyaga mara moja. Aliweka kisigino, akakizungusha. Watu wote walisikia vidole vikivunjika, maana ua ulikuwa kimya kabisa. Keziah hakufungua mkono. Alipiga ukelele mmoja, kisha mkono wake wa kushoto ukapapasa kando, kwenye meza fupi ya kukatia udongo, ukakuta waya.

Ni waya wa shaba, urefu wa mkono, wenye vipande vya mti huku na huku. Mkandaji huutumia kukatia bonge la udongo kama siagi. Hassall alikuwa ameinama ili kumnyang'anya kile kipande. Waya ulizunguka shingo yake. Keziah alishika kipande kimoja cha mti kwa mkono mzima na kingine kwa meno, akavuta kwa mwili wake wote. Hassall alikuja chini. Alimpiga ngumi ya mbavu, akampiga ya pili, na kila alipopiga waya ulizama. Damu ilianza kutoka kwenye mstari mwembamba, kisha ikatiririka. Uso wake ukawa wa zambarau. Fimbo ilikuwa imemtoka.

Hakuna mwanamume aliyesogea. Aliyesogea ni Amos. Alipiga magoti, akapapasa hadi akapata taya la dada yake, akaweka kidole gumba pale mataya yanapokutana.

"Achia, dada. Watakunyonga."

Keziah alitikisa kichwa, meno yamekaza.

"Nina jicho moja na dada mmoja. Achia."

Akaachia. Akaufungua pia mkono ule uliovunjika, akamwonyesha mzee wa tanuri kile kipande, na yule mzee akakipokea akakipitisha. Kilizunguka ua mzima. Kila aliyekishika alikaa nacho kidogo, halafu akampa mwenzake.

Walichofanya baadaye Keziah hakukiomba. Walimrukia Hassall akiwa bado anatafuta pumzi. Walimvunja mguu kwa mti ule ule wa kukorogea, wakamburuta kwenye shimo lile lile, wakamsukuma chini alipoibuka. Aliyekuwa mbele kabisa ni Jabez. Alipiga mateke huku akitukana, akisema mwizi, muuaji, umemtoboa shemeji yangu jicho. Keziah alikaa chini na mkono wake mapajani akamtazama mumewe. Uso ulikuwa ule ule wa Juni. Haukuwa na hasira zaidi wala hasira pungufu.

Bwana Cartlich ndiye aliyetoka akawasimamisha, kwa kuwa hakutaka maiti kwenye udongo wake. Hassall alitolewa akapakiwa kwenye mkokoteni kama gunia, akapelekwa Newcastle, na Hanley hakuonekana tena.

Siku zilizofuata wale wanaume walimjia Amos. Mmoja alileta paja la nguruwe, mwingine alimwita kilabuni anywe. Cartlich alimrudishia kerezo lake. Amos alilijaribu. Lakini mtu wa jicho moja hajui kisu kiko mbali kiasi gani na udongo. Alitoboa matumbo ya mabuli matatu mfululizo, la nne akalibamiza ukutani, akaondoka. Akapata kazi ya kusomba udongo kutoka machimbo ya Bradwell, na paja la nguruwe akampa mbwa wa jirani. Wala kilabuni hakukanyaga.

Jioni moja Keziah alikuwa kwake akimpikia mchuzi, mkono bado umefungwa vijiti. Alisema kitu kuhusu Jabez, kwamba tangu siku ile hajamgusa, huenda amejuta.

Amos alichochea moto. "Sikutaka kukuambia," alisema. "Kitu cha mwisho jicho hili liliona ni soksi ya kijivu. Ile yenye mistari miwili, uliyofuma wewe."

Keziah alikoroga mchuzi hadi ukaiva. Alipakua. Alikula naye. Hakurudi nyumbani siku hiyo wala nyingine.

Jabez alikuja Jumapili, asubuhi kweupe, watu wakitoka kanisani. Alisimama mlangoni kwa Amos.

"Mke wangu, twende nyumbani."

"Soksi zako za kijivu uliziweka wapi?"

Jabez hakuelewa, halafu akaelewa. Alikunja ngumi kama alivyozoea, akaingia. Keziah alikuwa ameshika chuma cha kuchochea moto kwa mkono wa kushoto. Ngumi ilimpata shavuni, chuma kikampata Jabez mdomoni. Alirudi nyuma hadi barabarani, meno mawili kiganjani, mbele ya watu na vitabu vyao vya sala.

"Nitaleta konstebo!" alisema, na damu ikaruka na maneno.

"Mlete. Nami nitamweleza jicho lilikwenda wapi."

Hakumleta. Mwaka uliofuata alikwenda na jeshi, na barua haikuja.

Vidole viwili vya Keziah viliunga vibaya na havikukunjika tena. Cartlich alifikiria kumwachisha kazi. Yeye akajifunza kugandamiza muhuri kwa sehemu ya chini ya kiganja na kuviringisha matawi kwa mkono mmoja juu ya ubao. Matawi yake yalikuwa mazito kidogo kuliko zamani, na wateja wengine waliyapenda zaidi hivyo. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, hadi watu walipopenda vyombo vyeupe, na mabuli mekundu yakabaki ya mashambani. Katika miaka yote hiyo hakuna nyapara aliyemnyanyulia fimbo. Walikuja wanne, na kila mmoja alionywa siku ya kwanza.

Keziah alimwona Hassall mara moja tu baadaye, katika soko la Newcastle, mchana. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiuza vijiko vya mti, mguu mmoja umenyooka mbele yake kama ubao, skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto. Vijiko vilikuwa vizuri sana. Kila mpini ulikuwa na jani. Walitazamana.

"Vidole?" Hassall aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo.

"Viwili havikunjiki."

"Mimi goti."

"Naona."

Keziah alichukua kikapu chake akaenda kununua alichokuja kununua.

Nyumbani alimweleza Amos nani amemwona. Amos alikuwa mezani anakula, aliacha kutafuna.

"Ana macho yote mawili?"

"Yote mawili."

Amos alitikisa kichwa, akamega mkate, akaendelea kula.